Kabla ya kumwambia mwanao "kasome tu"

Kila ukaribiapo mwezi wa Oktoba, stendi ya mabasi ya Korogwe hupata abiria wa aina moja anayetambulika hata kwa mbali. Ni kijana wa miaka kumi na tisa au ishirini, mwenye begi jipya, godoro lililofungwa kamba, ndoo ya mfuniko iliyojazwa vyombo, na bahasha ya vyeti ambayo haiachi mkononi hata anapopanda ngazi za gari. Jamaa zake wamemzunguka. Mama anamkumbusha swala, baba anamkumbusha ada, shangazi anamtia noti iliyokunjwa kiganjani. Kisha basi linapoanza kuunguruma kuelekea Segera, hutolewa wasia wa mwisho, ambao hapa mjini petu umekuwa kama sehemu ya dua ya safari: "Mwanangu, kasome tu. Usijiingize katika mambo mengine."

Wasia huo unatoka katika mapenzi. Mzazi aliyeuza mahindi ya misimu miwili ili mtoto afike chuo kikuu ana haki ya kuhofia kila kitu kinachoweza kumrudisha mtoto huyo nyumbani bila shahada. Hata hivyo naomba, kwa adabu zote, tuujadili wasia huu, kwa sababu una kasoro moja kubwa: hautekelezeki.

Tupige hesabu. Wiki ina saa 168. Tuseme mihadhara na semina zinachukua saa 20, kujisomea saa 35, usingizi saa 50, na swala, chakula, kufua na foleni za kila aina saa 30. Jumla ni 135. Zinabaki saa 33, na saa hizo hazitakaa tupu. Zitajazwa na simu, au zitajazwa na vijana wanaokesha wakibashiri matokeo ya mpira wa Ulaya kwa fedha ya mkopo, au zitajazwa na watu wenye kazi ya kufanya pamoja. Mzazi anayesema "kasome tu" hajazifunga saa 33 hizo. Amejiondoa tu katika mazungumzo ya nani atakayezichukua.

Watu wenye kazi ya kufanya pamoja ndio wanaoitwa vyama, klabu au jumuiya za wanafunzi. Vyuo vyetu vimejaa vyama hivyo: vya midahalo, vya taaluma mbalimbali, vya michezo, vya mazingira, vya dini, vya wanafunzi wanaotoka mkoa mmoja, na juu yake serikali ya wanafunzi yenye rais, mawaziri na bunge lake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hukutana navyo ndani ya juma la kwanza, kabla hajajua hata njia ya maktaba.

Yaliyotokea Mlimani

Wengi wetu tumewahi kushika picha ya chuo kikuu mkononi bila kujua. Noti ya shilingi 500, ile iliyotangulia sarafu, ilikuwa na picha ya Ukumbi wa Nkrumah upande wake wa nyuma. Ukumbi huo uko Mlimani, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Chuo hicho kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiozidi kumi na watano, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Kwa kuwa ndicho kikongwe zaidi nchini, ndicho chenye historia ndefu ya vyama vya wanafunzi, na ndiyo maana nakitumia kama mfano ingawa mwanao huenda amepangiwa Dodoma, Morogoro au Mbeya.

Mwaka 1967 wanafunzi wa Mlimani kutoka nchi mbalimbali za Afrika waliunda chama cha kimapinduzi kilichojulikana kwa kifupi chake cha Kiingereza, USARF. Mwenyekiti wake alikuwa kijana wa Kiganda aliyekuwa akisoma uchumi na siasa, Yoweri Museveni. Hawakuridhika na mihadhara waliyopewa, wakajiandalia madarasa yao wenyewe Jumapili. Mwaka 1968 kundi dogo kati yao, Museveni akiwa kiongozi, lilikwenda mpaka Msumbiji katika maeneo ambayo wapiganaji wa FRELIMO walikuwa wamekwisha kuyakomboa, wakajionee wenyewe yale waliyokuwa wakiyajadili.

Mwaka 1969 wakaanzisha jarida, wakaliita Cheche. Wahariri wake walikuwa Karim Hirji, mwanafunzi wa hisabati, pamoja na Henry Mapolu na Zakia Meghji. Msomaji kijana asidhani kulikuwa na kompyuta. Makala zilipigwa taipu kwenye stensili, zikadurufiwa kwa mashine, kurasa zikapangwa kwa mikono na kubanwa pini, kisha jarida likauzwa na walewale waliokuwa na mtihani wiki inayofuata. Mwaka 1970 toleo zima lilitolewa kwa ajili ya andiko moja la Issa Shivji kuhusu tabaka jipya la wakubwa lililokuwa likikua ndani ya nchi iliyojiita ya kijamaa. Novemba mwaka huohuo chama na jarida vyote vilipigwa marufuku. Miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba Umoja wa Vijana wa TANU ulitosha, na kwamba jina Cheche lilinukia ujamaa wa kigeni.

Sikuyaeleza haya ili tuzifuate itikadi zao. Katika vitabu walivyovisoma vijana wale mna mengi ambayo Muislamu hawezi kuyameza, na wao wenyewe baadaye walitawanyika kila mmoja na mtazamo wake. Ninachotaka kukitazama ni kazi waliyoifanya wakiwa na umri wa miaka ishirini na kidogo, na ilikowafikisha. Museveni aliingia Ikulu ya Uganda mwaka 1986. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba. Shivji akawa profesa wa sheria, na mwaka 1991 akapewa uenyekiti wa Tume ya Rais kuhusu Masuala ya Ardhi, iliyozunguka nchini kusikiliza wananchi wakilalamikia viwanja na mashamba, jambo ambalo sisi tunaoishi kandokando ya mashamba ya mkonge hatuhitaji kuelezwa uzito wake. Zakia Meghji, binti wa Kizanzibari aliyepanga kurasa zile, mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha wa Tanzania.

Bila shaka darasani walisomea shahada zao kama wenzao. Lakini wenzao waliokaa madawati yaleyale na kusikiliza mihadhara ileile walikuwa wengi. Kundi hili lilikuwa na kitu cha ziada: walikuwa wamekwisha kuzoea kuandika na kukosolewa, kuitisha mkutano na kuufunga, kutafuta fedha ya karatasi na kuieleza ilivyotumika, na kusimamia neno lao linapowaletea matatizo. Makerere nako kulikuwa na mfano wa namna hii, ingawa wa kifasihi. Jarida la Penpoint lilianzishwa mwaka 1958, na humo ndimo mwanafunzi mmoja kutoka Kenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, alimochapisha hadithi zake za mwanzo.

Mzazi mwenye kumbukumbu atanikatiza hapa. Atasema: mbona hutaji waliofukuzwa? Nataja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwapokea Ikulu, akawasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe, na siku hiyohiyo akaamuru warudishwe makwao. Walikuwa 393. Fikiria vijiji vya wakati ule, ambako mtu mmoja aliyefika chuo kikuu alikuwa fahari ya tarafa nzima, kisha anaonekana akishuka kwenye lori na sanduku lake. Wengi waliruhusiwa kurejea mwaka uliofuata, lakini aibu na hofu iliyoingia katika nyumba zile haikurejeshwa kwa barua. Mwaka 1978 pia wanafunzi walifukuzwa baada ya maandamano, na mwaka 1990 chuo kilifungwa kutokana na mgogoro. Babu zetu na baba zetu waliyasikia hayo redioni. "Kasome tu" haikutoka hewani.

Kwa hiyo hofu ni ya kweli na faida ni ya kweli. Anayemwona mzazi mwenye hofu kuwa mjinga hajui historia.

Anaporudi nyumbani

Mimi ni katibu wa kamati ya msikiti. Kazi yangu ni daftari la kumbukumbu, barua, na kufukuzana na watu wasiohudhuria vikao. Si kazi ya kujivunia mbele za watu, ingawa huwa najiliwaza kwa kumkumbuka Zayd bin Thabit (r.a.), aliyekuwa kijana mdogo Madina pale Bwana Mtume (s.a.w.) alipomwamuru ajifunze maandishi ya Mayahudi ili aandike na kusoma barua, akayamudu kwa muda usiofika mwezi. Kijana huyo ndiye aliyekuja kukabidhiwa, zama za Sayyidna Abu Bakr (r.a.), kazi ya kuikusanya Qur'ani. Alianza kwa kupewa kazi ya uandishi akiwa na umri ambao leo tungemwambia akasome tu.

Nikiwa nyuma ya meza hiyo ya ukatibu nimewaona wahitimu wetu wakirudi. Hapa ndipo somo hili linaponigusa.

Alirudi kijana mmoja mwenye shahada ya uhasibu, wa matokeo mazuri, mwenye adabu, asiyekosa safu ya mbele alfajiri. Wazee wakafurahi, wakamfanya mweka hazina. Kikao chake cha kwanza kilihusu tangi la maji ya udhu. Mzee mmoja akadai risiti ya fundi, mwingine akadai kuwa fedha ya tangi ilitolewa na mtu wa Dar es Salaam kwa ajili ya zulia, wa tatu akainuka kwa hasira. Kijana wetu, ambaye angeweza kukuandikia mizania ya kampuni nzima, alinyamaza kimya. Hajawahi kukaa katika chumba chenye watu kumi wanaogombana juu ya fedha ambayo si ya yeyote kati yao. Baada ya miezi mitatu aliomba udhuru, na sikumlaumu. Alifanya alichousiwa: alisoma tu.

Mwaka uliofuata akaja mwalimu wa kike, amehamishiwa shule ya jirani. Shahada yake ni ya ualimu wa Kiswahili na historia, haina hesabu hata moja. Alipokuwa chuoni alikuwa mtunza fedha wa upande wa akina dada katika jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, akikusanya michango ya futari ya Ramadhani kutoka kwa wanafunzi ambao wenyewe hawana kitu. Tulimwomba atusaidie madrasa. Kwa Jumamosi mbili alipanga stakabadhi za miaka minne kwa tarehe, akaandika kwa kalamu nyekundu zipi hazina saini, akatundika muhtasari wa mapato na matumizi ubaoni ambapo kila mzazi anayemleta mtoto anauona. Manung'uniko ya ada za madrasa yalipungua tangu mwezi ule. Alipoulizwa alijifunzia wapi, alicheka akasema, "Kwenye sufuria za futari."

Nchi yetu ina wahitimu wengi kuliko wakati wowote uliopita, na misikiti, madrasa, vikundi vya kuweka na kukopa, bodi za shule na kamati za wakfu bado zinaongozwa kwa kubahatisha. Viwanja vya wakfu vinapotea kwa kukosa mtu wa kufuatilia hati. Mirathi zinageuka uadui kwa kukosa mtu wa kuandika kikao cha ukoo. Sidhani tatizo ni elimu. Tatizo ni kwamba tumewapeleka watoto wakasomeshwe kila kitu isipokuwa kubeba amana ya watu.

Jumuiya ya Waislamu, na vyama vingine

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu inajulikana kama MSAUD, na karibu kila chuo nchini kina jumuiya ya namna hiyo, yenye amir, amirat, katibu na mtunza hazina wanaochaguliwa. Wanapokea wanafunzi wapya, wanapanga darsa baada ya Magharibi, wanafuturisha, wanafuatilia mahali pa kuswalia na ratiba ya mitihani inapogongana na swala ya Ijumaa. Mtoto anayetoka Korogwe, asiyemjua mtu Dar es Salaam, akipata homa usiku wa manane katika bweni, mara nyingi atakayempeleka zahanati ni mwenzake wa jumuiya. Kwa sababu hiyo peke yake ningemshauri kila mzazi ahakikishe mwanawe ameandikisha jina huko wiki ya kwanza.

Hata pale ambapo chuo chenyewe ni cha Waislamu haja hiyo haiondoki. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro kilianza mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO, na mazingira ya dini yanamzunguka mwanafunzi pande zote. Bado kujifunza kuongoza kunahitaji kuongoza kitu. Huko Marekani, Januari 1963, wanafunzi wa Kiislamu kutoka nchi mbalimbali walikutana katika Chuo Kikuu cha Illinois mjini Urbana wakaunda jumuiya yao. Walikuwa wageni, wengi wakidhani watamaliza masomo na kurudi makwao. Jumuiya hiyo ndiyo iliyozaa, mwaka 1982, taasisi ya ISNA, miongoni mwa kubwa zaidi za Waislamu wa Amerika ya Kaskazini. Waasisi wake walianza kwa kutafuta chumba cha kuswalia.

Je, ajiunge na vyama visivyo vya dini? Swali hili huulizwa sana na akina mama, hasa kwa mabinti. Jibu langu linaanzia Makka, kabla ya utume. Mfanyabiashara mgeni kutoka Yemen alidhulumiwa malipo ya bidhaa zake na mkubwa mmoja wa Makureshi. Baadhi ya koo zikakutana nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an, zikaapa kusimama na kila mwenye kudhulumiwa. Bwana Mtume (s.a.w.) alihudhuria kiapo hicho akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, na baada ya kupewa utume alikisifu, akaeleza kuwa lau angeitwa tena kwa jambo kama lile katika Uislamu angeitikia. Waliokuwamo mle hawakuwa Waislamu. Kipimo kilikuwa ni kazi yenyewe.

Kwa kipimo hicho, mwanafunzi wa sheria anayejitolea katika msaada wa kisheria yuko mahali pazuri. Kitivo cha Sheria cha Mlimani kilianzisha kamati ya msaada wa kisheria tangu mwaka 1969, na wajane wetu wanaonyang'anywa mashamba wanajua thamani ya mtu mmoja anayejua kuandika madai. Mwanafunzi wa udaktari anayekwenda kupima watu shinikizo la damu siku za mapumziko yuko mahali pazuri. Klabu ya midahalo ni mahali pazuri mno, maana vijana wetu wengi wana hoja lakini hawana uvumilivu wa kusikiliza hoja ya pili. Michezo vilevile, kwa wenye kuchunga mavazi na nyakati za swala. Binti ambaye hajawahi kusema mbele ya watu watano atakuwaje mwalimu, mkunga au wakili? Suala la mchanganyiko wa wanaume na wanawake ni la kweli, na lina adabu zake ambazo mtoto anatakiwa aondoke nazo nyumbani. Hazifundishwi kwa simu.

Kuna vyama ambavyo sioni faida yake. Vyama vya wanafunzi wa kabila au mkoa mmoja mara nyingi huishia kwenye sherehe ya kuaga mwaka na picha nyingi. Wanaotoka Tanga pia wanavyo, nasi tusijitie kusahau.

Pa kukimbia

Yapo makundi ambayo mtoto akiyaona anatakiwa atoke bila kuaga.

La kwanza ni lile linaloficha. Chama halali kina katiba iliyoandikwa, kimesajiliwa katika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, kina mlezi ambaye ni mhadhiri mwenye jina na ofisi, na mikutano yake hutangazwa ubaoni. Kundi linalokutana vyumbani usiku, linalomwambia kijana asimweleze mzazi wake, linalomwambia imamu wake wa nyumbani ni mpotevu na masheikh wote waliomfundisha ni wauza dini, hilo si darsa hata kama wanafungua kwa Bismillahi. Vijana wa pwani yetu wamewahi kupotezwa kwa njia hiyo, na familia zao hadi leo huulizwa maswali ambayo hazina majibu yake. Nalisema hili waziwazi katika gazeti la Waislamu kwa sababu sisi ndio wa kulisema.

La pili ni la utajiri wa haraka. Huja na jina la semina ya ujasiriamali, vijana wamevaa suti za kuazima, na mwisho wa mazungumzo unatakiwa kulipa kiingilio kisha ulete wenzako wawili. Ni upatu uliovaa tai. Bodi ya Mikopo ikishaweka fedha, ambazo wanafunzi wenyewe huziita bumu, watu hawa huwa wamekwisha kujua tarehe.

La tatu ni siasa za kutumwa. Serikali ya wanafunzi ni shule nzuri ya uongozi, na wapo viongozi wengi wa nchi hii waliopitia humo. Lakini mwanafunzi anayepewa fulana na nauli na mtu wa nje ili akaongoze fujo asiyoijua chanzo chake anapaswa kujiuliza mtoto wa mtu huyo anasoma wapi na siku ya fujo atakuwa wapi.

Kuhusu masomo yenyewe, chama kinaweza kumla mtu. Wapo maamir walioongoza jumuiya kwa sifa kubwa kisha wakarudia mwaka. Mimi nashikilia kuwa mwaka wa kwanza kijana awe mwanachama tu, abebe viti na kufagia ukumbi, asikubali cheo. Matokeo ya muhula wa pili yakitoka vizuri, mwaka wa pili achukue nafasi moja yenye kazi inayoonekana, kama ukatibu au hazina, wala si mbili. Mwaka wa mwisho akabidhi, na akabidhi kwa maandishi. Kukabidhi madaraka kwa maandishi ni elimu ambayo ningependa hata sisi wenye mvi tuisomee.

Basi mzazi afanye nini, ikiwa hasemi tena "kasome tu"? Aulize. Simu ya kila Ijumaa isiishie kwenye umekula nini na fedha imebaki kiasi gani. Muulize amejiunga na nani. Muulize mlezi wa chama anaitwaje, michango inawekwa wapi, nani anatia saini benki, na mara ya mwisho mapato na matumizi yalisomwa lini. Mtoto anayeulizwa maswali hayo na mama yake anayeuza vitumbua sokoni Manundu ataanza kuwauliza viongozi wake, na viongozi wake watajua kuwa kuna mtu anatazama. Muulize pia amefanya kazi gani wiki hii. Akijibu kwa kitenzi, yaani nilipika, niliandika, nilitembelea wagonjwa, mambo ni mema. Akijibu kwa cheo, endelea kumuuliza.

Wanafunzi wa Chuo cha Ualimu hapa Korogwe tunao karibu, na misikiti ya mjini inaweza kuwaalika bila kungoja likizo ya mtu yeyote. Wale wa vyuo vya mbali hurudi kati ya Julai na Oktoba. Miezi hiyo hukaa nyumbani wakihesabu siku, ilhali watoto wa kidato cha nne wanahitaji kufundishwa hisabati, daftari la waumini lina majina ya marehemu, na kiwanja cha madrasa hakijapimwa. Nimeandika pendekezo kwamba kila likizo kamati iwape wanafunzi wawili, wa kiume mmoja na wa kike mmoja, nafasi ya kuhudhuria vikao, wapewe kazi moja yenye tarehe ya kumalizika, na wasomewe taarifa ya fedha kama wajumbe wengine. Litasomwa kikao kijacho. Ni ajenda ya nne, baada ya tangi la maji.